Kwa nini Del Toro hakumkimbiza Yates? Jibu kuhusu gurudumu, mlima na bonde

Swali: "Kocha, habari za kazi. Nimeirudia mara kadhaa video ya hatua ya 20 ya Giro d'Italia ya 2025, mbio za baiskeli za wiki tatu za Italia, ile iliyopanda mlima wa Colle delle Finestre na kumalizikia Sestriere, na bado sijaelewa. Isaac del Toro alikuwa na jezi ya pinki ya anayeongoza mbio nzima, Richard Carapaz wa pili, Simon Yates wa tatu. Yates akachomoka, wale wawili wakabaki wanatazamana mpaka jezi ikaenda mbele ya macho yao. Rafiki zangu wanasema mchezo uliuzwa. Mimi siku zote nimeamini mlimani kila mtu na miguu yake, sasa timu inasaidia nini huko? Na kwa nini Wout van Aert, aliyekuwa mbele, aliacha mbio zake akamsubiri mwenzake? Nauliza na kwa faida yangu. Klabu yetu ina mbio za milimani karibuni, na nahodha ameniambia nivute mwanzo wa mlima mpaka niishiwe, kisha wao waendelee. Nimejiona kama mtu wa kutupwa. Halafu nikijikuta na mpinzani asiyetaka kupokezana zamu ya kwenda mbele, nifanye nini?"

Ndugu yangu, nimekusoma vizuri. Unataka kujua kama ulichokiona ni haki, kama timu ina maana yoyote barabara ikisimama wima, na kama kazi uliyopewa ni ya heshima au ya kudharauliwa. Yote matatu yanajibika, na yanahusiana kuliko unavyodhani.

Nianze na tuhuma ya kuuza mchezo, kwa sababu ni nzito na naisikia kila mara waendeshaji wawili wanapoacha kukanyaga na kuangaliana. Kanuni za shirikisho la kimataifa, UCI, zinamtaka kila mwendeshaji atetee nafasi yake kwa uanamichezo na zinakataza kula njama ya kuvuruga matokeo. Lakini hakuna kanuni inayomlazimisha mtu amvutie mpinzani wake, yaani aende mbele akimkatia hewa. Kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako na kukataa kwenda mbele ni mbinu halali, ya zamani kama mbio zenyewe. Inaudhi kuitazama, nakubali. Lakini kila nilichokiona siku ile kinaelezeka kwa hesabu ya sekunde, na ukiishika hesabu hiyo hutahitaji njama.

Asubuhi ya tarehe 31 Mei, kabla hawajaondoka Verrès, Carapaz alikuwa nyuma ya Del Toro kwa sekunde 43. Yates alikuwa nyuma kwa dakika 1 na sekunde 21. Mbele yao kulikuwa na siku ya zaidi ya kilomita 200 na mlima mmoja wa kutisha: Finestre, kilomita 18 na nusu, mwinuko wa wastani wa asilimia 9 na zaidi kidogo, na kama kilomita 8 za mwisho si lami bali changarawe. Kilele kiko mita 2,178 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka upande wa pili unafika bondeni, kisha unaanza kupanda tena kwenda Sestriere, kilomita 16 hivi, ila huo ni mlima mpole, wastani wake haufiki asilimia 4. Shika tofauti hiyo ya miinuko miwili. Giro iliamuliwa humo.

Sasa kaa kwenye tandiko la kila mmoja. Timu ya Carapaz, EF Education-EasyPost, iliuanza Finestre kwa kasi kali mno, na Carapaz akachomoka mapema. Alimtaka Del Toro, kwa sababu Del Toro ndiye aliyekuwa juu yake. Del Toro akamganda. Yates hakupaparika, aliacha waende, akapanda kwa mwendo wake, akawafikia, kisha akaanza kuchomoka yeye, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka akawaacha. Pale ndipo kutazamana kulipoanza. Carapaz akawaza: nikimkimbiza Yates huku Del Toro yuko mgongoni kwangu, nitakuwa nimefanya kazi ya kumlindia Del Toro jezi, na juu ya hapo nitakuwa nimechoka. Del Toro akawaza: nikivuta mimi, huyu Carapaz atapumzika nyuma yangu halafu anipige karibu na mstari, na sekunde 43 ni kidogo. Kila mmoja aliona hatari iliyokuwa ubavuni kuliko ile iliyokuwa inaishia kwenye kona ya mbele. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Yates alipovuka kilele pengo lilikuwa limeshapita ile dakika 1 na sekunde 21. Kwa maneno mengine, jezi ilikuwa imeshahama barabarani kabla ya mteremko. Mpaka Sestriere, lilikuwa limepita dakika 5.

Hapa naomba nikusahihishe kwa upole, kwa sababu dhana yako ya "mlimani kila mtu na miguu yake" ina ukweli nusu, na nusu inayokosekana ndiyo iliyomgharimu Del Toro.

Mwendeshaji anapambana na mambo mawili makubwa: uzito unaovutwa chini na dunia, na hewa anayoipasua. Ukinzani wa hewa unakua haraka kuliko kasi. Ukiongeza kasi mara mbili, ukinzani unakuwa mara nne, na nguvu unayohitaji kuushinda inakuwa mara nane. Tuchukue mwendeshaji ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 75. Kwenye mwinuko wa asilimia 9, akienda kilomita 18 kwa saa, anatumia wati kama 330 kubeba uzito tu, na wati 20 hadi 25 kupasua hewa. Ukimweka nyuma ya mwenzake anaokoa labda thuluthi moja ya hiyo sehemu ya hewa, yaani wati 8 hivi. Si kitu. Mtu huyohuyo mpeleke kwenye tambarare akienda kilomita 45 kwa saa: karibu kazi yote sasa ni hewa, wati 370 hivi, na kukaa nyuma ya gurudumu kunamwokolea zaidi ya wati 100. Hiyo ni tofauti ya kufika na kutofika. Na kwenye mlima mpole kama wa Sestriere, asilimia 4 kwa kilomita 30 kwa saa, hewa inachukua zaidi ya robo ya kazi yake. Gurudumu la mbele linamwokolea wati 35 hivi muda wote, na kupanda kwenyewe ni zaidi ya nusu saa.

Ukishazielewa namba hizo utaona kosa lilikuwa wapi, na si pale watu wengi wanapolitaja. Wengi wanasema Del Toro angevuta bondeni. Mimi nasema bondeni alikuwa ameshachelewa. Mahali pake pa kuvuta palikuwa Finestre, kwenye changarawe, pengo lilipokuwa sekunde 20 au 30. Pale, kumvuta Carapaz hakukuwa zawadi kubwa, kwa sababu nyuma ya gurudumu kwenye asilimia 9 hakuna cha kula. Carapaz angepanda kwa jasho lake vilevile. Ukikataa kuvuta kwenye mwinuko mkali unaokoa kidogo sana na unapoteza muda mwingi sana. Ukikataa kuvuta kwenye tambarare, hapo una hoja. Yeye alifanya hesabu ya tambarare akiwa kwenye ukuta.

Nasema hivi bila kumdharau kijana. Alikuwa na miaka 21, amevaa pinki tangu hatua ya 9, na amechoka kwa wiki tatu. Uamuzi wa namna hiyo mtu anaufanya moyo ukipiga kwa kasi ya kutisha, redio inapiga kelele sikioni, na anayemwogopa yuko nusu mita ubavuni. Carapaz baadaye alimlaumu hadharani, na naelewa hasira yake, ila lawama hizo nazipunguza kidogo: Carapaz naye alianza siku akiwa wa pili akamaliza Giro akiwa wa tatu. Hata hivyo wajibu haukuwa sawa kwa sawa. Aliyevaa jezi ndiye mwenye deni. Wa pili akizembea anapoteza nafasi moja. Wa kwanza akizembea anapoteza mbio nzima. Ndiyo maana desturi ya mbio inasema mwenye jezi, au timu yake, ndiye anayekimbiza.

Na mfano wa mtu aliyelipa deni lake upo. Tour de France ya 2011, hatua ya 18, Andy Schleck alichomoka kwenye mlima wa Col d'Izoard zikiwa zimebaki kilomita kama 60, wengine wote wakasubiri mwingine aanze. Pengo likapita dakika 4. Cadel Evans aliomba msaada, hakupata, akaenda mbele yeye mwenyewe na kuvuta mpaka juu ya mlima wa Galibier, nyuma yake kukiwa na msururu wa watu waliokaa tu. Thomas Voeckler, aliyekuwa kwenye msururu huo, alibaki na jezi ya njano, ya anayeongoza Tour, kwa sekunde 15, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya miguu ya Evans. Ungeweza kusema Evans alitumika. Lakini alipunguza hasara hadi dakika 2 na sekunde 15, siku mbili baadaye akampita Schleck kwenye mbio za saa, ambazo kila mtu huenda peke yake akishindana na saa, na Tour ikawa yake. Hakujali nani anapanda bure. Alijali pengo.

Sasa tuje kwa Van Aert, kwa sababu hapa ndipo timu inapoonekana.

Siku za milima, kundi la mwanzo huchomoka mapema, na kundi kuu huliacha liende kwa kuwa waliomo wako mbali kwenye msimamo wa jumla na hawatishii mtu. Timu yenye akili hutuma humo mtu wake. Si lazima awe mpandaji bora. Afadhali awe mtu mzito mwenye nguvu za tambarare. Anaingia mlimani akiwa na dakika kadhaa mkononi, anapanda kwa mwendo anaoumudu, hashindani na wapandaji wembamba. Kiongozi wake anapochomoka nyuma na kuvuka kilele peke yake, mtu huyo yuko ng'ambo ya pili anamsubiri. Ndivyo Visma-Lease a Bike, timu ya Yates na Van Aert, walivyofanya. Van Aert alipita Finestre na kundi la mbele, akapunguza mwendo, Yates akamfikia, na kuanzia hapo Yates alipata ule mgongo wa thamani ya wati makumi kwa makumi, mahali hasa ambapo wati hizo zinahesabika. Nyuma yao, Del Toro na Carapaz hawakuwa na mwenzao wa kuwapokea. Tazama tena vipande hivyo vya bondeni: Van Aert ameinama, mikono imelala juu ya usukani, kichwa hakigeuki, na Yates amejikunja nyuma yake gurudumu kwa gurudumu. Kisha tazama walio nyuma, viwiliwili vimesimama wima, mmoja anapinda kulia mwingine anampisha. Ukiondoa sauti utaelewa tu.

Kwa hiyo Van Aert hakuacha mbio zake. Zile zilikuwa mbio zake. Ushindi wa siku ulikwenda kwa Chris Harper wa Jayco AlUla, aliyetoka kwenye kundi lile la mbele. Van Aert ushindi wake wa hatua alikuwa ameshaupata Siena, hatua ya 9, akimshinda Del Toro huyohuyo. Na kazi hii haikuwa ngeni kwake. Kwenye Tour ya 2022 yeye na Christophe Laporte walitangulizwa siku ya mlima wa Col du Granon, huku nyuma wenzao wa timu Primož Roglič na Jonas Vingegaard wakimpiga Tadej Pogačar kwa zamu, huyu akienda, yule anakaa. Pogačar alijibu mashambulizi yote kwenye Galibier, kila moja, kwa miguu yake mwenyewe, mpaka alipofika Granon hakuwa na kitu tena. Alipoteza dakika 2 na sekunde 51 na jezi ya njano. Wiki moja hivi baadaye, kwenye mlima wa Hautacam, Van Aert alikuwa mbele tena, akamngoja Vingegaard, na akavuta kwa kasi ambayo Pogačar alishindwa kuishika. Mtu wa mbio za kasi anamwachisha mpandaji bora duniani kwenye mlima! Hiyo ndiyo faida ya kufika mahali ukiwa bado na akiba.

Uhasama wa timu hizi mbili, UAE ya Pogačar na Del Toro, na hii ambayo sasa ni Visma, ulishika moto 2020, Pogačar alipompokonya Roglič Tour siku moja kabla ya Paris pale La Planche des Belles Filles. Tangu hapo kila upande unasoma mbinu za mwenzake kwa makini. Ndiyo maana kilichonishangaza Finestre si Del Toro, ni gari la timu yake, linalompa maagizo kwa redio. UAE walikwisha kufanyiwa jambo hili zaidi ya mara moja, na mtu aliyewafanyia alionekana waziwazi kwenye kundi la mbele tangu mapema. Van Aert akiwa mbele, swali la kwanza la mkurugenzi wa timu linapaswa kuwa: anamsubiri nani? Walikuwa na njia. Wangeweza kumwekea mtu wao ndani ya kundi hilo. Wangeweza kulibana lisiende mbali, ingawa hiyo ingewachosha wasaidizi kabla ya mlima, na kila timu ina waendeshaji 8 tu, wengine wakiwa wameshaondoka mbioni. Au wangemwambia kijana mapema, kabla ya Finestre: Yates akipata sekunde 30, wewe ndiye unayevuta, usimwangalie mtu. Hii ya mwisho haigharimu chochote, na kwa maoni yangu ingetosha kuifanya iwe vita ya sekunde badala ya dakika.

Kuna jambo jingine kuhusu mlima huo. Mwaka 2018, hatua ya 19 ya Giro, Chris Froome alichomoka hapo hapo Finestre zikiwa zimebaki kilomita 80, bila mtu wa kumsubiri mbele. Aliyekuwa na jezi ya pinki asubuhi ile alikuwa Simon Yates, naye akaporomoka akapoteza zaidi ya dakika 38. Nyuma ya Froome kulikuwa na kundi dogo: Tom Dumoulin, Thibaut Pinot, Sébastien Reichenbach, Miguel Ángel López, na Carapaz. Wengi dhidi ya mmoja. Kwa hesabu ya hewa wangemkamata kabla ya Bardonecchia. Hawakumkamata. López na Carapaz walikuwa wakigombea jezi nyeupe ya vijana, kila mmoja anamchunga mwenzake, na Dumoulin alipoteza muda kwenye mteremko akimsubiri Reichenbach ili apate wa kupokezana naye. Froome akashinda siku kwa dakika 3 na kuitwaa Giro. Kwa hiyo unaposema "wawili ni bora kuliko mmoja", ongeza: kama wanataka kitu kimoja. Watu watano wenye malengo matano huenda polepole kuliko mmoja anayejua anachokitaka.

Sasa wewe na klabu yako.

Kwanza, ondoa hilo neno la kutupwa. Huenda unajiuliza: kama mlimani hewa si kitu, kwa nini nahodha anataka mtu wa kuvuta chini ya mlima? Kwa sababu kasi kali mwanzoni inafanya kazi nyingine. Inawaondoa wasaidizi wa wapinzani mapema, ili viongozi wao wabaki peke yao. Inamzuia mtu kuchomoka, maana ukiwa tayari uko karibu na mwisho wa uwezo wako, kuongeza kasi kunakuchoma. Na inampa kiongozi wenu mwendo usiobadilika, ambao mwili unaumudu kwa gharama ndogo kuliko mwendo wa kushtuka na kutulia. Mtu anayeweza kushika mwendo huo sawasawa kwa dakika 8 au 10, bila kuanza kama risasi na kufa katikati, ni adimu. Nahodha kakupa wewe kwa sababu anakuamini kwa hilo. Muulize tu mambo mawili: mwendo gani hasa, na mpaka alama gani ya barabarani. "Mpaka uishiwe" si maagizo, maana watu huishiwa mahali tofauti. "Mpaka daraja la pili" ni maagizo. Na ukimaliza, pinda pembeni taratibu ukitazama nyuma kwanza. Ajali nyingi za kwenye vikundi huanzia kwa mtu aliyechoka anayeacha kukanyaga ghafla.

Kuhusu mpinzani asiyetaka kupokezana, jibu linategemea nani yuko mbele yenu. Kama aliyechomoka ni mwenzako wa timu, usivute hata hatua moja. Kaa mgongoni kwa mpinzani, pumzika, na kila anapokukasirikia mwambie ukweli: mwenzangu yuko mbele. Hana haki ya kukudai.

Kama aliyechomoka ni mpinzani wenu wote wawili, angalia barabara kabla ya kumwangalia yeye. Kwenye mwinuko mkali, vuta bila kinyongo, kwa mwendo ambao unajua unaweza kuushika mpaka juu. Anayekukalia nyuma hapo hafaidi cha maana. Ukikaribia kilele na tambarare iko mbele, hapo ndipo pa kuzungumza, na uzungumze mapema mkiwa bado mnaweza kupumua: tupokezane nusu dakika kwa nusu dakika mpaka tumfikie, kisha kila mtu na lwake. Wengi hukubali wakiambiwa kwa sauti ya kawaida. Akikataa, una njia tatu na hakuna iliyo tamu. Unaweza kumjaribu kwa kupunguza mwendo sekunde chache aone pengo linakua. Njia hii inafaa kama yeye ana cha kupoteza kuliko wewe, na ni hatari kama wewe ndiye unayeongoza. Unaweza kumwacha kwa kuchomoka kwenye kipande kikali cha mwisho kabla ya kilele, ufike tambarare peke yako, jambo linalohitaji miguu na kichwa kizuri cha kuteremka. Au unavuta kama Evans na kumwacha apande bure, ukikubali kwamba anaweza kukupita mwishoni. Nikiwa naongoza mbio za siku nyingi, nachagua hiyo ya tatu karibu kila mara. Nikiwa kwenye mbio za siku moja, nachagua ya pili. Ile ya kwanza naiona ikiharibu siku za watu wengi kuliko inavyowasaidia, kwa sababu sekunde chache za kujaribiana hugeuka dakika bila mtu kutambua. Nyinyi hamna redio wala gari la kuwapa pengo, kwa hiyo mpangeni mtu asimame na saa sehemu mbili au tatu za njia awapigie kelele ya sekunde.

Kuna mambo ambayo maandishi haya hayawezi kukufundisha. Kukaa sentimita chache nyuma ya gurudumu la mtu, na kuteremka mlima mkiwa kundi, vinajifunzwa barabarani na kocha anayekuona, kwanza polepole, kisha kwa kasi. Kama klabu yenu haina mtu wa namna hiyo, tafuteni kabla ya mbio, hata kwa asubuhi mbili. Na kama ukivuta mlimani unapata maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo unaoruka mapigo, au uliwahi kuzimia ukikanyaga, usilichukulie kama uchovu wala usijaribu kulishinda kwa mazoezi. Acha, nenda kwa daktari akupime moyo, na mwambie nahodha amweke mwingine mpaka upate majibu.

Mkikutana kabla ya mbio, kaeni na mchoro wa njia mezani. Tafuteni kipande kilicho kikali kuliko vyote na tambarare ndefu kuliko zote. Amueni nani anavuta kwenye kile cha kwanza, nani atakuwa ametangulia kusubiri kwenye ile ya pili, na jina la mtu mmoja atakayekimbiza bila kuuliza pengo likifika sekunde 30.